Wataalamu wa Kompyuta Tuliowakataa Wasiajiriwe Kwingine

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wasomaji wako bado wanakusoma. Mimi ni Mkuu wa Utumishi katika hospitali yetu ya umma, cheo nilichokikalia miaka kumi na tisa bila kumlalamikia mtu. Kwa kawaida watu ndio huja kunililia mimi. Lakini sasa maji yamenifika shingoni. Nchi haina wataalamu wa kulinda kompyuta dhidi ya wadukuzi, na wachache waliopo hawana adabu. Niruhusu nieleze.

1. Mwaka jana tulitangaza nafasi moja ya kazi hiyo. Masharti yalikuwa mepesi: shahada mbili, uzoefu wa miaka kumi na miwili, umri usiozidi ishirini na sita, na awe tayari kuendesha gari la wagonjwa dereva akiwa likizo. Miezi mitatu ikapita asipatikane hata mmoja mwenye sifa. Vijana wa siku hizi hawataki kujituma.

2. Kwa huruma tu nilimwita kwenye usaili mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mkunga kwetu. Aliacha kazi nilipomnyima ruhusa ya kwenda kusomea kompyuta. Nilimnyima kwa nia njema, maana ukimsomesha mtumishi anaanza kujua mambo. Yeye akaenda kusoma hivyo hivyo. Tukamwuliza kama mumewe anaridhia afanye kazi ya mashine. Akajibu kuwa mumewe ni fundi cherehani, kwa hiyo mashine wameshazizoea nyumbani. Jopo halikucheka. Tulipomtaka aonyeshe ujuzi wake, aliomba ruhusa, akaketi kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, na kabla chai yetu haijapoa akawa amefungua barua za siri za Mganga Mkuu, ikiwemo ile inayonitaja mimi kuwa ni mzigo. Akatugeukia, akasema kwa upole, "Waheshimiwa, mlango huu uko wazi. Mimi nimebisha hodi. Mwingine hatabisha." Tukaandika kwenye fomu: ana tabia ya kuingia asikoalikwa. Mlinzi akamsindikiza hadi getini.

3. Ili nafasi isikae wazi tukamwajiri shemeji yangu, muuza makava ya simu, mtu mchangamfu sana. Siku ya kwanza alitia kufuli kubwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, na kusema kweli hakuna mdukuzi aliyewahi kupita mlango ule. Mwezi wa pili ikaja barua pepe kwamba hospitali yetu imeshinda safari. Shemeji akaifungua, akajaza kila alichoulizwa, na kwa roho yake nzuri akawatumia watumishi wote ili nao wasikose. Ilipofika saa nne asubuhi, wezi walikuwa wamezifunga kompyuta zote, kumbukumbu za wagonjwa zikiwa ndani.

4. Asubuhi hiyo hiyo akaletwa mama mwenye uchungu, anavuja damu. Dawa zinazomdhuru, na upasuaji aliofanyiwa zamani, vyote vilikuwa kwenye kompyuta. Akawa anasema, "Niulizeni mimi, jamani, bado naongea!" Wauguzi wakasimama na kalamu mikononi, kwani waraka wangu unakataza kuandika maelezo ya mgonjwa popote isipokuwa kwenye kompyuta. Mkunga mkuu akaubandua waraka ule ukutani, akaandika nyuma yake kila alichosema yule mama, kisha akamkimbiza chumba cha upasuaji. Mama na mtoto wa kike wako salama. Waraka umeharibika, nami nimemwandikia mkunga mkuu barua ya onyo.

5. Hili ndilo lililonikosesha raha kabisa. Hospitali iliyo ng'ambo ya barabara imemwajiri yule mwanamke tuliyemfukuza! Barua ile ya safari ilifika kwao pia. Mfagizi wao akaitazama, akacheka, akaifuta. Isitoshe, kila jioni mwanamke huyo anawafundisha wauguzi wetu sita, ambao wote niliwanyima ruhusa kwa mkono wangu mwenyewe. Uhaba tulioutunza kwa miaka mingi unaharibiwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako naiomba serikali itunge sheria: mtaalamu aliyekataliwa na ofisi moja akae nyumbani mpaka ofisi hiyo itakapokuwa tayari kumkataa tena. Wanaojisomea bila ruhusa wasahaulishwe. Na wadukuzi waombwe kiungwana kutusubiri tumalize mchakato wa ajira, ambao hauwezi kuzidi miaka mitano.

Wafikishie salamu zangu wasahihishaji wako, wapiga chapa, na yule dada wa mapokezi ambaye kila nikipiga simu huniambia umetoka sasa hivi.

Wako katika kulijenga taifa,
Mkuu wa Utumishi

N.B. Ukitaka kunihoji wiki ijayo, usinitafute ofisini. Binti yangu anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza, nami nitakuwa naye ng'ambo ya barabara, ambako tumemwandikisha. Mama yake alisema hapelekwi mahali ambapo mimi ndiye ninayechagua watu, nami nikatia sahihi fomu.