Spika za Mwaloni na Jumamosi ya Vya Bure

Darcy Fedoruk alikuwa ameinama kwenye nyasi za mtu asiyemjua, akichunguza taa ya mezani isiyo na waya, aliposikia sauti ya mwanamke ikiilaani televisheni kwa Kifini. Hakujua Kifini. Lakini miaka ishirini katika kazi yake ilikuwa imemfundisha jinsi mtu anavyolaani chombo alichokinunua kwa pesa nyingi, na laana hiyo haina lugha.

Akaiweka taa chini taratibu, kama mtu aliyeona kulungu.

Ilikuwa Jumamosi ya vya bure. Mara mbili kwa mwaka mji mzima wa Thunder Bay huweka ukingoni mwa barabara vitu usivyovitaka, na apitaye huchukua apendacho bila hodi wala asante. Kilichokaa kwenye nyasi hakina mwenyewe. Darcy aliiheshimu sheria hiyo kuliko amri kumi, kwa kuwa hii ilikuwa inamlisha. Tangu saa moja asubuhi gari lake jeupe la mizigo lilikuwa limebeba vinanda viwili, mashine ya mkate, na spika mbili za kijivu alizookota kwenye kona ya mtaa wa nyuma. Moja ilikuwa imekufa kabisa. Nyingine ilikoroma.

Nyuma ya takataka hizo, zimefungwa blanketi kama watoto wachanga, zilikuwepo spika nyingine mbili. Hizo zilikuwa za mbao za mwaloni. Baba yake alizitengeneza kwa mkono wake mwaka alioacha kazi ya reli, akafa hajamaliza kuzisifu. Mtu mmoja wa Winnipeg aliwahi kutaka kuzinunua kwa dola elfu mbili na mia tano taslimu, Darcy akakataa, na usiku huo akalala ndani ya gari kwa kukosa kodi, barafu ikiwa imeganda mpaka kwenye masharubu yake. Darcy alikuwa amewadanganya mapadre, polisi na mke. Spika zile hakuwahi kumuuzia mtu. Alichofanya ni kuzikopesha masikio ya wateja: mteja anasikia mwaloni, anapelekewa kijivu.

Akajifuta mikono, akagonga mlango.

Aliyefungua alikuwa bibi mrefu mwenye viatu vya mpira na sweta la kijani. Aili Korpela, miaka sabini na tatu, dereva mstaafu wa basi la shule.

"Taa ichukue," alisema. "Haiwaki."

"Sijaja kwa ajili ya taa, mama yangu. Nimesikia kilio cha televisheni. Mimi ni fundi wa sauti."

"Umeitwa na nani?"

"Na sauti yenyewe."

Aili alimtazama kama alivyozoea kuwatazama watoto wanaodai wamesahau tikiti nyumbani. Kisha akamruhusu kupita, kwa kuwa saa nane wageni wake walikuwa wanakuja na hakuwa na fundi mwingine.

Chumba kilikuwa chini ya nyumba, kina kochi refu, televisheni pana kama mlango wa banda, na spika tano zilizozunguka kochi. Kompyuta iliunganishwa kwenye televisheni, televisheni kwenye amplifaya ya kukuza sauti, amplifaya kwenye spika.

"Za mbele zinasema," Aili alisema. "Za nyuma zimenuna. Wiki tatu sasa."

"Na saa nane kuna nini?"

"Kwaya. Helmi, binti yangu, anaimba mjini Oulu, ng'ambo. Walirekodi kanisani, maikrofoni katikati, waimbaji wameizunguka. Yeye husimama safu ya nyuma. Ukikaa kwenye kochi hili, anatakiwa awe hapa." Akagusa hewa nyuma ya bega lake la kushoto. "Sasa ninasikia wanawake wa mbele tu. Sina undugu nao."

Darcy aliutambua ugonjwa kabla bibi hajashusha mkono. Televisheni ile ilikuwa inaiambia kompyuta: mimi nina spika mbili tu, niletee sauti mbili. Kompyuta, kwa utiifu, ilileta mbili, na amplifaya haikuwa na cha kupeleka nyuma. Dawa yake ilikuwa kuchomoa waya mmoja: kompyuta iingie kwenye amplifaya kwanza, kisha amplifaya ipeleke picha kwenye televisheni, na kompyuta iambiwe kuwa spika ni nyingi. Dakika tatu. Bei yake ni kikombe cha kahawa.

Akapiga magoti nyuma ya spika ya nyuma, akaitegea sikio, akafumba macho.

"Pole sana, mama."

"Imekuwaje?"

"Zimekufa. Zote mbili. Hawa ni watu wa familia moja, akifa mmoja mwenzake hakai." Akasimama kwa heshima. "Lakini una bahati. Kwenye gari nina za kuzirithi nafasi. Na maiti hizi nitakuondolea mwenyewe, bure."

"Nizisikie kwanza hizo zako."

"Haki yako kabisa."

Bibi alipopanda kutia maji ya kahawa, Darcy alileta za mwaloni, moja moja, akazifunga kwenye nyaya za nyuma, akahamisha waya wa kompyuta, akagusa mipangilio mahali panapostahili. Aili akarudi, akaketi. Kwaya ikaanza.

Chumba kikageuka kanisa. Nyuma ya bega la kushoto mwanamke mmoja alivuta pumzi, akaimba.

Aili hakugeuka. Aliwahi kuendesha basi la watoto arobaini kwa miaka thelathini na moja, na alijua kila sauti ya nyuma bila kugeuza shingo.

"Huyo," alisema.

Darcy akakohoa. "Jozi kama hii, mia sita."

"Kama hii, au hii?"

"Hizi ni za maonyesho. Zako ziko garini, mpya, dada zake. Tofauti ni rangi tu."

"Nitalipa ukimaliza," alisema Aili.

Darcy akazibeba za baba yake kurudi nje. Hapo ndipo lilipomkuta tatizo la kila mtu mwenye tamaa, yaani gari lililojaa. Za kijivu zilikuwa chini kabisa, chini ya vinanda. Akaziweka za mwaloni kwenye nyasi, juu ya kipande cha boksi zisipate umande, akavuta vinanda, akazitoa za kijivu na kuzifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kung'arisha samani. Upande wa pili wa uzio mzee mmoja mwenye toroli alikuwa amesimama akimtazama. Darcy akampungia mkono. Mzee hakupunga. Alikuwa anaziangalia spika za kijivu, hasa ubavu wa moja, wenye mikwaruzo ya paka.

Darcy alikuwa na haraka. Iliyokufa ilihitaji ufufuo: alitaka kuifungua uso na kuitia tumboni kispika cha bafuni kinachotumia betri. Kazi hiyo haiwezi kufanywa mbele ya mteja.

"Mama yangu," alisema kule chini, "sasa ninapima chumba. Mwili wa mtu humeza sauti. Hasa sweta la sufu. Naomba utoke nje dakika kumi."

"Kumi kamili?"

"Hata kumi na tano, sauti itafurahi."

Aili akatoka.

Darcy alifanya kazi ile kwa ufundi ambao, ungewekwa kwenye jambo halali, ungempatia nyumba. Alipomaliza, ile iliyokufa ilikohoa na kuimba kwa sauti ndogo kama ya nzi kwenye glasi. Akachukua na spika za nyuma za bibi, zile alizozitangazia kifo, akapanda ngazi nazo kwapani, akitabasamu.

Kwenye nyasi kilikuwepo kipande cha boksi. Juu yake hakukuwa na kitu.

Aili alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje na yule mzee. Kati yao palikuwa na sinia la mkate mtamu wa iliki.

"Spika zangu," alisema Darcy.

"Unazo kwapani," alisema Aili. "Ila hizo ni zangu. Weka chini."

Akaweka chini. "Za mwaloni! Zilikuwa hapa!"

"Arvo Hietala," mzee alijitambulisha, akimeza. "Nimezichukua mimi. Nzuri sana. Ziko kwangu."

"Ni za baba yangu!"

"Zilikuwa kwenye nyasi. Leo Jumamosi ya vya bure."

"Niliziweka dakika kumi tu!"

"Mimi sikuangalia saa. Na wewe hukuangalia saa saa moja asubuhi, ulipozichukua za kwangu kwenye kona. Za kijivu. Paka wangu Mirri aliikwaruza ile ya kushoto." Akachukua kipande kingine. "Sikulalamika. Nilikuwa nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Nimeshangaa tu kusikia zimefika mia sita."

"Nitaita polisi."

"Mwite," alisema Aili. "Tutampa kahawa. Atashuka kule chini kusikiliza vizuri, ana masikio makubwa, nilimbeba kwenye basi tangu darasa la kwanza."

Darcy akatazama nyumba ya mzee, kisha mikono yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa haijapakwa mafuta.

"Nitawapa dola mia tatu. Ndizo nilizonazo. Nitawapa na gari."

"Kilichookotwa bure hakiuzwi," Arvo alisema kwa masikitiko. "Huo ungekuwa wizi."

Aili akamimina kahawa kikombe cha tatu, akamsogezea Darcy.

"Za kwangu zimekufa kweli?"

"Hapana," alisema Darcy. "Ni waya tu. Nimeshauhamisha. Rudisha spika zako, zitasema."

"Basi zirudishe wewe. Na za Arvo, hizo za mwaloni, zifunge mbele. Atanikopesha kwa siku moja moja. Yeye mwenyewe hasikii sikio la kulia."

Saa nane wanawake tisa wa kikundi cha kahawa walikaa kochini na kwenye viti vya bustani. Darcy aliwekwa kwenye kigoda karibu na amplifaya, sahani ya mkate magotini. Kwaya ilipoanza, mwaloni wa baba yake ulijaza mbele, na nyuma ya bega la Aili binti aliyekuwa Oulu akavuta pumzi. Ndani ya gari, katikati ya blanketi na vinanda, spika zile hazikuwahi kusikika hivyo. Darcy aliacha kutafuna. Hakuna aliyemwangalia, na huo ndio ukarimu mkubwa zaidi aliotendewa siku hiyo.

Walipomaliza, za mwaloni zilibaki pale mbele, na Aili alimpa zile za kijivu.

"Na hizi peleka barabarani."

Akazibeba, akazipanga kwenye nyasi, akaandika BURE kwa mkaa juu ya boksi. Hajaondoka, lori dogo likafunga breki. Dereva, kijana mwenye kofia ya timu ya hoki, akachungulia.

"Bwana, hizo zinafanya kazi?"

Darcy Fedoruk aliwaza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuwaza juu ya swali lolote.

"Hapana," alisema. "Moja imekufa, nyingine inakoroma."

Kijana akacheka, akateremka mbio. "Ujanja huo naujua. Unazitaka mwenyewe," alisema, akazipakia zote mbili na kukanyaga mafuta kabla Darcy hajamwambia kuhusu kispika chake cha bafuni.