Farasi wa Kakule na Mfuko Wangu wa Chumvi

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Leo farasi wawili wameteremka hapa Kindu kwenye ndege ya mizigo toka Goma. Wameteremka polepole kama wakubwa wa serikali, na maharagwe yetu yakangoja nyuma yao. Ni wa Papa Kakule, yule Munande mwenye duka la mabati karibu na gare ya treni. Mimi Espérance, pamoja na uzee wangu, nilikuwa sijaona farasi ila kwenye picha za katekisimu. Ni punda mwenye kiburi. Lakini sikusema hivyo mbele ya watu. Nilisema nawajua sana.

Kakule na binti ya ndugu yake, Dokta Glodie, daktari wa wanyama, wanatafuta watu wa kuanza mbio za farasi. Dokta amesema si mbio za kukimbia. Ni za kwenda mbali bila kumchosha mnyama. Nikauliza nani anashinda. Akasema yule ambaye farasi wake amefika moyo ukiwa umetulia. Nikauliza, na yule aliyefika wa kwanza? Akasema akifika na moyo unaopiga ovyo, anatolewa. Nilimwangalia vizuri huyo mtoto. Amesoma mpaka akapitiliza.

Vijana walikuja wengi, kila mmoja na kifua mbele. Shefu, yule farasi mweusi, akapiga chafya moja. Vijana wakajikuta barabarani. Tukabaki wawili: mimi, na wifi yangu Latifa, dada ya marehemu mume wangu Tambwe. Latifa alibaki kwa sababu mimi nilibaki. Ndivyo alivyo tangu zamani.

Kakule amesema atakayefaulu mbio za kwanza Jumamosi hii, farasi wote wawili watalala kwake, na yeye njo atafundisha wengine. Lupango langu, kiwanja cha nyumba yangu, lina majani na maji. Kwa Latifa kuna bata tu. Mambo yamekwisha kabla ya kuanza.

Jumanne, tarehe 9

Somo la kwanza. Dokta ametaka tuanze kwa kutembea kando ya farasi na kamba mkononi, ili wazoee sauti zetu. Nimekuja kupanda, sikuja kumtembeza mtu mzima. Latifa alimtembeza wake, yule wa kike anayeitwa Sukari, akimwambia habari zote za nyumba yake. Sukari akasikiliza. Ndiye wa kwanza kuzisikiliza.

Mimi nikapanda. Walinisukuma toka chini, na nani alishika wapi sitaandika. Juu ni mbali. Shefu alienda vizuri mpaka kile kilima kidogo cha kanisani. Hapo nikateremka, nikazunguka nyuma, nikaweka bega, nikasukuma. Farasi aligeuza shingo akaniangalia. Dokta akaja mbio kuniambia nitoke pale, farasi ana mateke. Nikamwambia mimi nilisukuma kinga ya marehemu, baiskeli yenye mzigo, toka Kalima hadi Kindu wakati wa vita, na yeye alikuwa bado yuko na nepi. Akasema, Koko, ndivyo wanavyotuita sisi mabibi, farasi anapanda mwenyewe. Kama anapanda mwenyewe, mimi kazi yangu ni gani? Akamshika Shefu kamba, akamwongoza mbele. Na mimi sijaelewa mpaka sasa.

Acha niandike ile habari ya Kalima. Mwaka wa elfu mbili na moja. Treni imekufa, meli hakuna, watu Kindu wanakula sombe ya majani ya muhogo bila chumvi. Mimi na Latifa tukasukuma mfuko wa chumvi. Tulipofika kilima cha Misisi mguu wangu ukavimba kama kinu. Latifa akasema nikae pale chini. Akaondoka na kinga, na chumvi, na mfuko wenyewe wa chumvi, mfuko wangu wa kitambaa niliotia ua jekundu kwa sindano yangu mwenyewe. Kesho yake wanaume wanne waliokuwa wanapita tu wakanibeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka Alunguli, ng'ambo ya mto. Kipoyi! Kama mke wa chifu. Waliona mtu wa heshima amekaa njiani. Latifa nilimkuta nyumbani. Nikauliza chumvi iko wapi. Akasema imekwisha. Mfuko mzima, imekwisha. Aliuza, akala. Namkumbusha kila Noeli, na kila Idi pia, ili asiseme nabagua dini.

Jumamosi njia itapita Misisi. Safari hii nani ataachwa pale, tutaona.

Jumatano, tarehe 10

Magoti ya Shefu yanalia anapotembea. Dokta anasema ni kawaida. Hakuna kitu cha kulia ambacho ni kawaida. Kinga ikilia unatia mafuta ya mawese. Kwa hiyo asubuhi, Dokta akiwa anakunywa chai, nilimpaka Shefu mawese. Nilianza na magoti. Yalibaki mengi kwenye chupa, nikaendelea mpaka mgongoni. Aling'aa. Watu walisimama kutazama.

Wakafunga tandiko. Nikapanda. Tulipopinda kona Shefu alienda kulia, na mimi na tandiko tukaenda kushoto, halafu chini. Nikajikuta naangalia tumbo la farasi. Ni tumbo kubwa.

Latifa alikuja kunitoa. Aliniuliza, wifi, unatengeneza kitu huko chini? Nikasema ndiyo. Dokta ametumia sabuni mbili kumwosha Shefu na amesema nisimguse bila ruhusa. Naomie, mjukuu wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ameniambia niache mambo haya, watoto wa darasa lake wameanza kunichora. Nimemwambia wachore vizuri, waonyeshe na nguvu zangu.

Alhamisi, tarehe 11

Nimefikiri tangu asubuhi juu ya ule moyo. Dokta anataka moyo uliotulia. Moyo unapiga ovyo kwa sababu muntu amechoka. Kwa hiyo asichoke. Hapo nimeelewa kila kitu peke yangu.

Wasukuma kinga wa wakati wa vita walienda mpaka Lubutu, siku baada ya siku, na hawakulala njiani. Walikuwa na makasu mdomoni, zile mbegu chungu za kutafuna zinazofukuza usingizi na njaa. Makasu njo ilikuwa petroli yao. Nimeenda sokoni nikachukua ya kutosha. Muuzaji ameuliza kama nina kilio cha kukesha. Nimesema nina farasi.

Nimejaribu na moja ndani ya ndizi. Shefu alikula, akanilamba mkono mpaka kiwiko. Kumbe ana akili.

Latifa hana mpango wowote. Leo pia amemtembeza wake kwa mguu. Nimemwonea huruma kidogo.

Ijumaa, tarehe 12

Tumevuka Lualaba kwenda Alunguli, ambako mbio zitaanzia. Shefu alikataa kupanda bac, kile kivuko cha mto. Aliweka miguu minne chini kama meza. Mabaharia walivuta, Kakule alibembeleza, mimi nilimgombeza kwa Kiswahili na kwa Kirega. Hakuna.

Latifa akamfunga Sukari macho na mtandio wake wa kichwa, akamnong'onezea, akaingia naye. Ilikuwa kama wanaenda kutembelea shangazi.

Sasa mimi nishindwe na mtandio? Nikafungua kitenge changu kiunoni, nikamfunga Shefu macho. Akaingia mara moja. Kufika katikati ya mto ndipo nikaona watu wa mitumbwi wananipigia makofi. Nilikuwa nimesimama na jipo tu, sketi ya ndani, ile nyeupe ya harusi ya Françoise, mtoto wangu. Latifa alimfungua Sukari macho, akanipa ule mtandio nijifunge, akavuka kichwa wazi mbele ya wanaume. Sikumwomba. Sasa ananifanya nionekane kama nilimwomba.

Jumamosi, tarehe 13

Kabla ya kuanza, Shefu amekula ndizi zake. Zote. Na makasu yote.

Mwanzoni ilikuwa vizuri sana. Shefu hakutembea, alicheza. Masikio yake yalikuwa yamesimama, mkia pia. Kakule alitufuata na moto yake, pikipiki, akipiga kelele niende polepole, mbio ni ndefu. Nilimwambia amwambie Shefu, mimi sijamgusa. Nilishika nywele za shingo, nikasali sala zote ninazozijua na nusu ya zile nisizozijua.

Tulipita kijiji kimoja, kuku wakaingia kanisani. Tukafika Misisi, tukazunguka msalaba wa juu, tukaanza kurudi. Kwenye mteremko nikakutana na Latifa bado anapanda. Ameshuka kwenye farasi, anatembea! Ameshika viatu mkononi, kamba mkono mwingine, Sukari nyuma anachuma majani. Nikamwambia, wifi, kaa hapo chini, nitakutumia watu. Miaka yote hii nilikuwa nimeliweka neno hilo. Lilikuwa tamu.

Yeye aliniambia tu Shefu anatoka povu.

Nilifika Alunguli wa kwanza. Wa kwanza kabisa, hata Dokta alikuwa bado hajafungua mfuko wake. Akaweka ule mpira wa kusikiliza moyo kwenye ubavu wa Shefu. Akakunja uso. Akasema tungoje nusu saa, tummwagie maji, labda moyo utashuka. Tukamwaga. Shefu alikuwa anacheza ngoma mahali pamoja. Nikamwambia Dokta, kama ni moyo, sikiliza wangu, umetulia. Akausikiliza. Akasema wangu ni mbaya kuliko wa Shefu, nikae chini.

Nusu saa ikapita, moyo haukushuka. Dokta akafungua mdomo wa Shefu, akaona mate mekundu. Akauliza ni nini. Nikasema labda fizi za Goma ziko vile. Akanusa. Akanusa na mkono wangu. Halafu aliongea kwa sauti ya chini, na hiyo sikuipenda. Alisema farasi huyu angeanguka njiani, Koko, angekufa na wewe juu yake.

Latifa alifika watu wakiwa wameanza kula. Moyo wa Sukari ulikuwa kama wa mtoto aliyelala. Wakampigia vigelegele. Aliyefika wa mwisho! Niliwauliza watu watatu wanieleze tena. Walieleza vizuri. Sikuelewa hata mmoja.

Nilikaa na Shefu mpaka akaacha kutetemeka. Si kwa huruma. Miguu ilikuwa inaniuma.

Hapo ndipo akaja mzee mmoja, Édouard, mtu wa Misisi, amefuata farasi kwa mguu. Akaniangalia, akacheka na meno yake mawili. Akaniuliza, Mama wa kipoyi, iko muzima? Akawaambia watu wote: huyu tulimbeba mimi na ndugu zangu wakati wa vita, ni mzito, na alitugombeza mpaka mtoni. Mtu akauliza kwa nini hawakumwacha. Akamwonyesha Latifa kwa kidole. Akasema huyu mama aliingia kijijini anasukuma kinga peke yake, akalia, akatumwagia chumvi yote kwenye majani ya migomba, ili tumfuate wifi yake. Kijiji kizima walikula chumvi ile mpaka vita vikapoa.

Latifa akamwambia, kaka, watu wamechoka, kunywa maji.

Jumapili, tarehe 14

Baada ya misa nilienda kwa Latifa. Farasi wako pale katikati ya bata. Shefu amenitambua, ametafuta ndizi kwenye kitenge changu. Nikamwambia hakuna, tumekatazwa wote wawili.

Latifa alikuwa anachambua mchele. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii, Noeli zote, Idi zote. Hakuinua kichwa. Akasema, ningekuambia habari ya chumvi, ungeniuliza habari ya mfuko.

Nilikaa. Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua. Mchele wake una mawe mengi, nilimwambia hivyo. Akacheka. Tukamaliza ungo mzima. Aliniwekea sukari nyingi kwenye chai, kama ninavyopenda, bila kuniuliza.

Dokta amesema mwezi ujao kuna mbio nyingine za wanaoanza, na mimi naruhusiwa kuanza tena toka mwanzo, kwa kutembea na kamba, na watanikagua kitenge. Wakague. Makasu yanaamsha moyo, sasa hiyo nimeielewa. Basi kinachotakiwa ni cha kuulaza. Marehemu Tambwe alikuwa akinywa kikombe kimoja tu cha divai ya michikichi, anatulia mpaka asubuhi. Farasi ni mkubwa kuliko Tambwe. Nitapima. Nimeshaongea na mgema.

Nimerudi nyumbani nikakaa mlangoni kufikiri juu ya Latifa. Alitoa chumvi yote kwa ajili yangu. Alilia mbele ya watu asiowajua. Ni kitu kikubwa, na mimi si mtu wa kukataa kitu kikubwa.

Lakini alimwaga kwenye majani ya migomba, mzee mwenyewe amesema. Kwa hiyo mfuko wangu wa ua jekundu ulibaki mtupu mkononi mwake. Kesho asubuhi naenda kumwuliza uko wapi.