Glauko Wanne na Safari ya Riyadh

Jumatatu, 3 Novemba

Kwako Nyokabi, dada yangu. Alhamisi madam anampeleka binti yake Lujain mashindano ya shule, Riyadh. Atachukua mfanyakazi mmoja, mimi au Charity. Lazima niwe mimi. Tangu ulipotutoka, sanduku lako liko huko kwa Jael, mliyeishi naye chumba kimoja. Jumapili Jael anarudi Kenya kabisa. Hawezi kubeba masanduku mawili.

Charity sijamwambia. Atanihurumia, na huruma yake ina kelele.

Mpango: Lujain ataulizwa Wagiriki wa kale wenye jina moja. Nitamfundisha mpaka madam aone safari haiendi bila mimi.

Jumanne, 4 Novemba

Akina Glauko wako wanne. Wa Korintho aliliwa na farasi wake mwenyewe. Wa vita vya Troya alitoa silaha za dhahabu, akapewa za shaba, akaondoka ameridhika. Mtoto wa Krete alizama kwenye mtungi wa asali, akafufuliwa. Mvuvi alikula majani, akawa mungu wa bahari. Lujain anawachanganya. Nikamwambia jina halidondoki tu, mtoto huitwa jina la babu yake, kama kwetu. Nikawafanya ukoo mmoja, nikauchora nyuma ya boksi la tende. Robo saa, kawashika wote. Madam akasema nifunge mizigo. Charity akauliza Wagiriki wameniajiri lini, na kama wamenipa ikama, kibali cha kukaa.

Mtoto wa asali nilimchora mkubwa kuliko wengine. Basi tu.

Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu alimsikiliza Lujain kwa simu. Wa Troya kweli ni kitukuu cha wa Korintho. Wengine hawahusiani kabisa. Nikasema labda hakuwauliza nyanya zao. Madam akasema halas, yaishe, ataenda Charity.

"Pole, shangazi ya Wagiriki," Charity akaniambia.

Alhamisi, 6 Novemba

Gari la uwanja wa ndege likinguruma, dereva akisema yalla, twende, nikamwambia Charity habari ya sanduku. Dirishani, haraka haraka. Hakupiga kelele. Aliomba namba ya Jael tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Limefika. Leso yako. Viatu. Nusu pakiti ya majani ya chai, imefungwa raba mara tatu, ulivyokuwa ukifunga kila kitu. Lujain alikuwa wa tatu.

"Si ungeniambia tu Jumatatu, dadangu?" Charity akauliza.

Nataka kumshukuru. Kumwambia asante ana kwa ana ni vigumu. Nimepata mpango bora: kesho nitaongeza moto chini ya wali wake, uungue kidogo, kisha nimwokoe mbele ya madam. Hakuna pa kuharibika.

Unikumbuke, Nyokabi.