Umeme wa Kiwiko

Msimulizi wa kisa hiki hajawahi kutapeliwa maishani, na jamaa aliyemuuzia dawa ya kiwiko, ilhali kiwiko hakikumuuma, alikuwa mtu wa heshima kabisa, tena mwenye viatu safi.

Jamaa mwenyewe ni Derrick. Siku moja akiwa hotelini Kitale aligonga kiwiko kwenye ukingo wa meza, umeme ukamtembea hadi kidole cha mwisho. Wengine hulaani meza. Yeye alitabasamu. Kumbe kila mwana wa Adamu ana mshipa pale, juujuu tu, na ukigongwa lazima uruke. Yaani wagonjwa ni Kenya nzima.

Akateremka soko la Bungoma na koti jeupe na barakoa, akajiita Daktari Kigen wa Mlima Elgon. Anakushika mkono, anakugonga kiwiko kwa kijiko.

"Umesikia umeme?"

"Uwi, mpaka kwa kidole."

"Na nikikukunja kiwiko hivi, tukae kidogo, vidole havifi ganzi?"

"Vinakufa, daktari."

"Pole. Bahati umekuja mapema."

Kisha anakuuzia mafuta ya kukamulia ng'ombe, yaliyotiwa mnanaa yanukie hospitali.

Mambo yalinyooka mpaka foleni ikamleta Mama Nakhumicha. Huyu ndiye mamake Nangila, msichana ambaye Derrick angemuoa Disemba, baada ya kuapa kwao kwamba yeye ni karani wa benki Kitale. Derrick akavuta barakoa ikafika machoni.

"Daktari, mkono unakufa ganzi nikikamua. Shika."

Sasa, hata tapeli ana dini yake. Kwa Wabukusu mwanaume hamshiki mama mkwe mkono, hata wa salamu. Akimshika, harusi imekufa.

"Eleza tu, mama. Mimi naonanga kwa macho."

"Si wengine umewagonga na kijiko?" foleni ikanung'unika. "Ati huyu ana nini, bana?"

"Mikono imechoka."

Mama Nakhumicha akasogea. Daktari akarudi nyuma. Akasogea tena, daktari akajibana ukutani, mikono mgongoni, kama mtoto aliyelamba sukari.

"Wewe si Msabaoti, mtu wa Mlima Elgon?"

"Kabisa. Wa Kapsokwony."

"Basi hatuna undugu. Gonga."

Kijiko kikaanguka. Mama akamtazama viatu, akapandisha macho taratibu hadi juu ya barakoa, kisha akauliza kwa upole mwingi, "Na leo benki imefungwa, mkwe?"

"Tumepewa ofu, mama," akajibu Daktari Kigen wa Kapsokwony.