Malalamiko Dhidi ya Kinanda Kinachowaka Bila Kulia

Duka la Mangi Aristides,
Mabeseni, Ndoo na Chupa za Chai,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa: Mzee Mwinyimvua,
Mwenyekiti, Kamati ya Usuluhishi ya Wafanyabiashara wa Mtaa Wetu.

Mzee wangu Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na vitenge vinatoka. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kuvuka barabara nikueleze kwa mdomo. Kwa mdomo ningepandisha sauti, na wateja wako hawajanikosea kitu.

YAH: KINANDA NILICHOUZIWA NA JIRANI YETU SADALLA

Unanifahamu kama muuza mabeseni. Labda hujui kwamba kila Jumapili, kwa miaka kumi na tisa sasa, mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya parokia yetu. Kinanda cha zamani kimechoka, vibonye vinne havitoi kitu. Jumapili hii parokia inatimiza miaka hamsini, kwa hiyo kamati ya kwaya ikaamua kinunuliwe kipya. Nikasimama kikaoni nikasema Kariakoo ni nyumbani kwangu, niachieni mimi. Wakaniachia. Nikaenda kwa Sadalla, anayeuza vifaa vya muziki. Yaliyofuata ni haya.

1. Kinanda hakilii. Sisemi kinalia vibaya, hakilii kabisa! Mzee, utaratibu wa Kariakoo tunaujua wote: mali inajaribiwa mbele ya mteja. Balbu inachomekwa, inawaka, inafungwa. Blenda inawashwa, inanguruma, inarudi kwenye boksi. Mimi mwenyewe beseni nalipiga ngumi mteja akiona. Basi Sadalla naye akakichomeka kinanda kwenye pawa benki, vibonye vikawaka taa nyekundu, kijani na zambarau. Akasema, "Mangi, si unaona mwenyewe, kitu kinawaka!" Nikasema nimeona. Nilibonyeza viwili vitatu, sikusikia kitu, lakini nani anasikia kitu pale wakati spika ya duka la pili inatangaza viatu? Tukapeana mikono.

2. Niliporudi kulalamika, Sadalla alinionyesha kwa kidole kibao cha ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Najua utasema kibao hicho kipo hata dukani kwangu, tena kikubwa zaidi, kwa rangi nyekundu. Ni kweli. Lakini changu kiliandikwa kwa ajili ya mabeseni, na beseni halina siri.

Kisha, kwa upole ulioniudhi kuliko kibao, akanieleza kwamba kinanda cha aina hii hakina sauti ndani. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kibonye gani kimebonyezwa, halafu kompyuta ndiyo inatoa sauti. Kumbe ndiyo maana boksi limeandikwa MIDI. Mimi nilidhani ni jina la kiwanda. Sasa mzee, nikikuuzia chupa ya chai nikakwambia joto lake liko kwa jirani, utanielewa?

3. Mwenye kompyuta kwenye kwaya ni Jovitha, binti wa miaka ishirini na tatu, anafanya kazi duka la kuchapa na kutoa kopi. Alikuja dukani kwangu na laptop yake, akanipa shikamoo, akasema hiyo ni kazi ya dakika tano tu. Akachomeka waya wa USB. Akaweka programu, akaingia kwenye mipangilio, akachagua jina la kinanda kwenye orodha, akachagua sauti ya ogani, akaunganisha spika. Kompyuta ikaandika kwamba imekitambua kifaa. Jamani! Nimekinunua mimi, nimekibeba begani mimi, kimetambuliwa na laptop ya Jovitha.

Kikalia. Kililia vizuri, sikatai, mpaka majirani wakaacha wateja wakaja kuangalia. Ila aliyekuwa amekaa mbele yake ni Jovitha, siyo mimi.

4. Nilipokaa mimi, sauti ikachelewa. Nabonyeza, kimya kidogo, ndiyo inakuja. Nikasema mashine hii ina uvivu. Jovitha, binti mwenye adabu zake, akakubali kwamba kompyuta huwa inachelewesha kidogo, akaingia tena kwenye mipangilio akapunguza namba fulani. Akajaribu, kidole na sauti vikawa kitu kimoja. Nikakaa tena. Akaniwashia mdundo wa kuhesabia, ti, ti, ti, nikapiga wimbo wa kuingia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

5. Hapo ndipo kompyuta iliponisingizia. Programu ile inaandika kila unachobonyeza, mzee. Kwenye kioo kuna mistari, kila mstari ni pigo la mdundo, na kila kidole kinapotua kinaacha kijiti. Vijiti vya Jovitha vimekaa juu ya mistari. Vyangu, haki ya Mungu, vyote vimekaa baada ya mstari. Nikapiga mara ya pili. Nikavua saa. Nikavua koti. Vikakaa palepale! Kitu kisicho na mdomo kimenishtaki dukani kwangu mwenyewe, mbele ya ndoo zangu. Jovitha akawa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

6. Habari imefika kwenye kamati ya kwaya, sikuuliza kwa njia gani, na sasa wanasema Jumapili apige Jovitha ili mzee apumzike. Nimeumia, Mwenyekiti. Nani kawaambia nimeomba kupumzika? Nimewapigia harusi zao, nimewapigia misiba yao, nimempigia huyohuyo Jovitha siku ya komunyo yake ya kwanza. Leo vijiti!

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu iamue kama ifuatavyo. Sadalla akipokee kinanda chake, kibao chake kikigeuzwa kitazame ukutani kwa muda wa dakika kumi tu, ili kisione. Vinanda vyote vinavyouzwa mtaani viwe na sauti yao ndani, na vipigwe marufuku kuandika chochote kuhusu mtu anayevipiga. Mistari ya kwenye kompyuta isogezwe mpaka vidole vyangu vilipo, kwa kuwa mimi nilianza kupiga kabla programu hiyo haijatengenezwa, na mgeni ndiye hujipanga kwa mwenyeji. Mwisho, kamati inipatie barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba mfanyabiashara Aristides hutua kwa wakati, isomwe kanisani baada ya matangazo. Najua wewe ni Mwislamu na hujawahi kunisikia nikipiga hata mara moja. Ndiyo maana nakuamini, kwa sababu huna upendeleo.

Mazoezi ya mwisho ni Jumamosi saa kumi, hivyo muhuri ukipatikana Ijumaa utakuwa umeniokoa. Nisalimie Bi Waridi, wajukuu, wapangaji wa ghorofani, na hata Sadalla ukimwona, ila usimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Aliyeonewa lakini bado jirani yako,

Aristides Kasmir
(Mangi wa Mabeseni)

Tanbihi: Mzee, kabla sijafunga bahasha nilitaka kukuongezea ushahidi. Kwenye simu ya mke wangu Candida, anayeimba sauti ya kwanza, kuna rekodi ya misa ya Pasaka, kinanda cha zamani, bila kompyuta, bila waya, bila mistari. Nikasema hii ndiyo itawaumbua. Nikaisikiliza dukani kwa spika. Kila mwisho wa ubeti kwaya wanashika neno la mwisho, wanalishika, wanalishika, ndipo kinanda kinafika. Miaka yote nilikuwa najisifu kwamba wananifuata vizuri. Nikamuuliza Candida. Akajibu huku anapanga vikombe, "Tulikuwa tunakusubiri, Baba Vicky. Kwani kuna ubaya?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka mteja akaondoka bila kuhudumiwa. Basi naomba yote niliyoandika hapo juu uyaache, kinanda hakina kosa, na Sadalla hana kosa. Ningeichana barua, lakini nimeshaigonga muhuri wa duka, na karatasi ya muhuri haichanwi ovyo. Kinanda nimekipeleka kwa Jovitha mwenyewe, begani, na nimemwambia asimsubiri mtu. Jumapili nitasimama na besi, nyuma ya Rogath, kiongozi wao. Amenihakikishia kwamba kwenye wimbo wa kuingia besi huwa wanaingia baada ya wengine wote.