Mwenyekiti wa Safari ya Kisiwani

5 Juni, Jumatano
Kundi la simu la marafiki wa nyumbani limewaka moto. Safari ya kisiwani imeiva, Jumamosi ya tarehe 15! Wote watakuja kwenye mji huu ninaofanyia kazi, maana kivuko kinaondokea hapa, kisha tutavuka pamoja. Miaka mitatu sijawaona. Naanza kuogopa watanisahau. Nikajitangaza mwenyekiti wa safari papo hapo. Sababu: nikiwa juu ya ngazi kwenye duka letu la mapazia, kivuko nakiona. Sawa, naona moshi wake. Moshi nao ni sehemu ya kivuko.

Fundi Simu naye anautaka uenyekiti. Yule! Hata beseni anaingia kwa woga.

Kinyozi katuma ujumbe wa sauti. Mrefu kama kawaida yake, mashine ya kunyolea inanguruma nyuma. Tangu mwaka jana hotuba zake sizisikilizi. Nani ana muda? Nina utaratibu wangu: naacha ujumbe ukae kidogo, ionekane nimesikiliza, halafu naandika, "Hahaha! Umenena, kaka! Nimecheka mpaka machozi!" Kinyozi ni mcheshi, kwa hiyo jibu hilo halikosei kamwe. Leo nimeongeza nyuso tano za kucheka. Mwenyekiti lazima awe mkarimu.

6 Juni, Alhamisi
Kundi kimya. Hata salamu za asubuhi za Mwalimu hakuna, na Mwalimu husalimu hata akiwa na homa. Mchana akanipigia mwenyewe. Akauliza kama niliusikiliza ujumbe wa Kinyozi. Nikasema wote, neno kwa neno. Akauliza, basi, alisema nini? Nikasema mambo ya safari na vichekesho viwili vitatu. Akakata simu.

Jioni dada yangu, ambaye naishi kwake, akaniambia niache kujitia hamnazo, nisikilize. Tukausikiliza pamoja mezani. Mama yake Kinyozi kateleza bafuni, kavunjika nyonga, kalazwa. Kinyozi hajui kama ataweza kuja. Anatuomba tumwombee mama. Katikati sauti inamkatika. Na chini yake mimi, na machozi yangu ya kicheko!

Dada aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Yule mama ndiye aliyenilisha utoto wangu wote. Kwake nilikuwa naingia bila kubisha hodi. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

7 Juni, Ijumaa
Ningeomba radhi tu, yangeisha. Lakini mwenyekiti haanzi uongozi kwa kuomba radhi. Nikaandika kundini kwamba simu yangu ina hitilafu, inatuma vicheko yenyewe. Akili hiyo!

Fundi Simu akajibu kwamba anafungua simu tangu enzi za antena. Humo amekuta mende, mchanga, hata punje za wali, ila ucheshi hajawahi kuukuta. Kundi zima likaangua kicheko. Akasema niilete aitazame, ni ya ajabu. Mwalimu akapendekeza Fundi Simu awe mwenyekiti. Wakakubali wote, mbio mbio, kana kwamba walikuwa wanasubiri.

Kinyozi peke yake hakuandika neno. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kutwa nzima nachungulia simu badala ya kazi. Nimekata pazia la chumba cha kulala cha mtu, limetoka fupi kama sketi.

8 Juni, Jumamosi
Dawa ya moto ni moto. Nimemtumia Kinyozi ujumbe wa sauti mrefu kuliko wake wote. Dukani kuna kelele, basi nikajiviringisha ndani ya pazia la mteja, lile zito la mahameli. Nikaanza kwa kutia chumvi kidogo. Lakini nilipofika kwenye mikono ya mama yake, alivyokuwa akitufuta nyuso sisi wote kwa kitambaa kimoja, na mimi wa mwisho kwa sababu ndimi niliyekuwa mchafu zaidi, nikalia kweli. Makamasi. Kwenye mahameli. Ndipo bosi akaingia na mwenye pazia! Akamwambia mteja kwamba huo ni ukaguzi wa mwisho. Bosi wangu, mama wa watu, ana roho nzuri. Mteja alipoondoka ndipo akanipa vidonge vyangu.

Kinyozi akajibu papo hapo, kabla hata robo ya ujumbe haijaweza kusikilizwa: "Umenena."

Nimeumia sana. Watu wengine hawana utu kabisa!

9 Juni, Jumapili
Nikampigia mama mwenyewe, wodini. Nia ilikuwa anitetee kwa mwanawe. Nikamweleza yote, hata mahameli. Akacheka mpaka muuguzi akaja kumkanya asijitikise. Akasema wala hashangai. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa chumvi naleta sabuni, maana naondoka mbio kabla hajamaliza kusema. Kisha akanong'ona kwamba hotuba za Kinyozi hata yeye hazimalizi, ila yeye ni mama, anaruhusiwa. Akaahidi kuzungumza naye. Akauliza nitakwenda lini kumwona. Nikasema karibuni, mama, karibuni sana, nikishatoka kisiwani.

12 Juni, Jumatano
Kinyozi kaandika! Kwa maandishi kabisa: mama kazungumza naye, yamekwisha, mimi ni mpumbavu wake wa siku zote. Niliruka mpaka ngazi ikayumba. Halafu akatuma ujumbe wa sauti kundini, kuhusu Jumamosi. Safari hii niliapa kusikiliza, na nikasikiliza! Anasema Jumamosi, wote, asubuhi na mapema, asikosekane mtu. Hapo mashine ikaanza kunguruma, mteja wake akaanza kulalamikia ndevu, na mimi nilikwisha elewa. Nimeomba ruhusa kwa bosi. Nimenunua kofia pana. Nikajibu kwamba nitakuwa wa kwanza kufika.

15 Juni, Jumamosi
Nimekuwa wa kwanza kufika gatini. Pia wa mwisho. Nikajua Fundi Simu kawapandisha mapema ili kunikomoa. Nikapanda. Nikazunguka kivuko kizima nikichungulia nyuso za watu, mpaka baharia akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Wakati huo tulikwisha ng'oa nanga.

Kisiwani simu ikapata mtandao. Picha ikaingia. Wote wamezunguka kitanda cha mama, kule nyumbani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mwalimu yupo, Fundi Simu yupo, Kinyozi kashika bakuli la uji. Karibu na mto wa mama kuna kiti kitupu, na mama kaweka mkono juu yake asikalie mtu. Kumbe kisiwa waliahirisha, ili Jumamosi tukamwone mama kwanza. Lilisemwa lote kwenye ujumbe, baada ya zile ndevu. Mwalimu kaandika chini ya picha kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Nimekaa mchangani na kofia yangu. Huku ni kuzuri ajabu, na sina wa kumwonyesha. Kile kiti kimenichoma.

Sasa hivi Kinyozi kanitumia ujumbe wa sauti kundini. Mrefu. Unaanza, "Ndugu yangu, mama anasema..." Sauti imetulia, haina hasira hata chembe. Mengine yanaeleweka: mama anasema nisijali, nistarehe. Nimejibu kwamba namshukuru mama, na nitafanya hivyo hivyo alivyosema, neno kwa neno. Fundi Simu akadakia kuuliza kama nimesikiliza mpaka mwisho. Wivu tu. Nimechukua chumba mpaka Jumatatu.