Makoti Yenye Uzoefu

Basi la asubuhi liliposimama, begi lilitokea mlangoni kabla ya mtu. Mwenye begi alikuwa akishuka kinyumenyume, maana mzigo wa mgongoni ulikuwa umekataa kupita kwa njia nyingine. Mbele yake, ameshatangulia kushuka, mwanamke mfupi mwenye begi la ukubwa uleule alimwelekeza kama mtu anayeingiza lori uani.

"Kulia, mume wangu. Kulia kwako. Hiyo ni kushoto."

Kanali, aliyekuwa ameegemea kibanda cha Mama Chai, akaweka kikombe chini taratibu. Mabegi hakuyatazama. Alitazama makoti. Moja jekundu, moja la bluu, yote mapya, yamevimba kama mito ya hoteli na kung'aa hata bila jua.

"Leo Mungu ameniamkia mimi," akasema.

"Mungu usimtaje," akajibu Mama Chai, "atakuja kuitwa shahidi."

Ni haki tuseme mapema kwamba Kanali hajawahi kushika bunduki maishani. Cheo alipewa na koti lake: koti zito la sufu, la kijeshi, lenye vifungo vya shaba, alilolipata pamoja na lingine la aina hiyohiyo kwa mlinzi mstaafu, kwa ahadi ambayo mpaka leo iko njiani. Mji ule umekaa miguuni pa mlima wenye theluji, na wageni wanaokuja kuupanda ndio shamba lake. Yeye mwenyewe hakuwa amepanda zaidi ya duka la mwisho. Aliamini kwamba mlima, kama mama mkwe, huheshimiwa kwa mbali.

Akawafikia huku amefungua mikono.

"Karibuni, karibuni sana! Kaka, shemeji, poleni na safari. Mnapanda lini?"

"Sasa hivi," akasema mume, huku akipigapiga miguu chini kwa baridi. "Mimi ni mwalimu wa jiografia. Huu mlima nimeufundisha miaka kumi na miwili. Ramani yake naijua kichwani."

"Nilijua tu! Nilipokuona nikasema, huyu si mtu wa kuongozwa, huyu ni wa kuongoza." Mwalimu akavaa kilemba hicho cha ukoka bila hata kukipima. "Na shemeji je?"

"Ah, yeye anashonashona tu nyumbani," akasema Mwalimu. "Tunatimiza miaka kumi ya ndoa, nikasema nimtoe nje kidogo."

Kanali akatikisa kichwa kwa huzuni, akaligusa koti jekundu kwa kidole kimoja, kama daktari anayegusa uvimbe.

"Na haya makoti? Mapya?"

"Hayajamaliza wiki!"

"Ndiyo hofu yangu. Kaka, wewe ni msomi, nitakueleza lugha ya kisomi. Koti jipya halina uzoefu. Halijaonana na baridi hata siku moja. Ukilipandisha ghafla kule juu, linapata mshtuko, linaachia joto lote mara moja. Msafiri anabaki amevaa kivuli."

"Hiyo sijawahi kuisoma," akasema Mwalimu, lakini tayari alikuwa ameanza kulitazama koti lake kwa mashaka.

"Vitabuni haimo, wenye viwanda wameificha. Sasa tazama hili langu." Akajipiga kifua, vumbi likatoka. "Hili lina miaka thelathini kazini. Baridi ikiliona inapisha njia. Ninalo la pili pale kibandani. Kwa mwingine yeyote ningesema hapana, lakini kwa ajili ya elimu niko tayari kubadilishana. Yenu hayo mawili nitabaki nayo hapa, niyafundishe polepole."

Mke, ambaye muda wote alikuwa akipuliza vidole vyake, akashika pindo la koti la Kanali. Akalisugua kidogo, akaliachia.

"Wazo zuri," akasema. "Ila tutajuaje kama ni kweli? Twende wote, mzee. Tukayajaribu hukohuko penye baridi. Yakishinda, tunabadilishana, wewe unashuka zako."

Mama Chai akacheka mpaka akamwaga maji. Kanali akatazama mlima, akatazama makoti yanayong'aa. Kichwani mwake yalikuwa yameshauzwa. Tamaa ikamsukuma, aibu ikafunga mlango nyuma yake, na nusu saa baadaye bingwa wa baridi alikuwa akilipita duka la mwisho kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Msafara ule haukuandikwa popote, na ni bora hivyo. Mwalimu aliongoza kwa ramani ya kichwani, na kichwa chake kiliwazungusha kwenye kilima kimoja mara tatu. Mara ya tatu walimkuta mbuzi yuleyule, naye sasa aliwatazama kama jirani. "Kaskazini imesogea," Mwalimu akaeleza. Mkewe akamwambia ni sawa, hata nyumbani funguo husogea.

Kwenye kijito, Mwalimu alimpa mkewe mkono ili asiteleze, akateleza yeye. Soksi zake wakazitundika nyuma ya begi zikauke. Walipofika juu zilikuwa zimeganda, zimesimama wima kama vibao vya barabarani. Kanali ndiye aliyekuwa amebeba begi lile. Hakumbuki alikubali saa ngapi. Anakumbuka tu kwamba mke alisema, "Mzee, kwa kifua kama chako, hili begi hutalisikia," na kwa mara ya kwanza akajua ladha ya kilemba cha ukoka kwa aliyevishwa.

Jioni wakafika penye kibanda cha mawe, kitupu, bila mlango. Mwalimu akasema kibandani hapana mapenzi, yeye atalala hemani na mke wake. Akalisimamisha hema mlango ukielekea upepo, kinyume na alivyofundisha kwa miaka kumi na miwili. Upepo ukaingia, ukalijaza, ukaondoka nalo. Wakaliona likiruka bondeni, zuri kabisa, limesimama vizuri kuliko lilipokuwa chini.

"Angalau tumejua linafanya kazi," akasema mke.

Ukabaki mfuko mmoja wa kulalia, maana wa pili ulikuwa ndani ya hema. Wakaingia wote wawili, Mwalimu akavuta zipu kwa nguvu za kiume, zipu ikang'ang'ania shingoni. Kanali aliyekuwa akihangaika na jiko la gesi akageuka, akaona kiwavi kikubwa chenye vichwa viwili kikirukaruka kibandani.

"Usivute!"

"Sivuti, nasukuma!"

"Basi usisukume! Umenikanyaga!"

"Huo ni mguu wangu, mke wangu."

"Kama ni wako mbona umenikanyaga nao!"

Kisha wakaanza kucheka, wote wawili, ndani ya mfuko uleule, mpaka wakaanguka chini. Kanali aliitengua zipu kwa meno. Alipomaliza, kiwavi kile kilikuwa kimefungua pakiti ya biskuti, na bila kumuuliza kikampa fungu lake. Miaka mingi hakuwa amelishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe amekusudia kumwibia. Akaila biskuti huku ameyapa makoti mgongo.

Lakini kazi ni kazi. Kulipokucha, theluji ikimetameta kileleni, akasimama akatoa hotuba. Mwalimu akalivaa koti la sufu, mkewe akavaa la pili lililomfika vifundoni, na nyuso zao zikapata rangi palepale.

"Mke wangu, ni kweli! Lina uzoefu!"

"Nilikwambia," akasema Kanali kwa unyenyekevu. Akavaa jekundu, juu yake akavaa la bluu, wakaagana kwa kukumbatiana. Wao wakaelekea juu. Yeye akashuka akiimba.

Wimbo uliishia kwenye mvua. Ilianza rasharasha, akaicheka: kwenye makoti kama haya mvua si huteleza tu? Makoti hayakutelezesha chochote. Yalikunywa. Yalikunywa kama punda aliyevuka jangwa, mikono ikawa mizito, mgongo ukainama, na maji ya barafu yakatafuta njia mpaka kiunoni. Aliporuka kijito mshono wa kwapani ukapasuka, na ndani ukatoka moyo wa koti: vipande vya sponji ya godoro kuukuu, kimoja bado kina kitambaa cha maua.

Kanali akakaa juu ya jiwe kwenye mvua. Akasema neno ambalo hatutaliandika.

Siku mbili baadaye alikuwa tena kibandani kwa Mama Chai, amejifunga blanketi, sauti imemkauka kama jogoo mgonjwa. Wakashuka wale wawili, wekundu mashavuni, wamechoka, wameshikana mikono. Mwalimu akakimbilia kukata tiketi. Kanali akamkabili mke.

"Shemeji. Yale makoti ni sponji."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu aliponiletea. Mimi ni fundi cherehani, mzee. Pindo nikilishika najua kilichomo, na lako nilipolishika nikajua ni sufu tupu." Akamtazama usoni, bila kicheko sasa. "Aliuza baiskeli yake kunipa zawadi ile. Anakwenda kazini kwa miguu. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimeshajiandaa kuganda huku natabasamu. Wewe ukaja na hadithi yako."

Kanali akalikaza blanketi mabegani.

"Mumeo akijua ..." akaanza.

"Sitakuzuia. Huyo anakuja, mwambie."

Mwalimu akafika na tiketi mkononi, akamshika Kanali mabega mawili.

"Mzee wangu! Tumefika kileleni! Bila wewe tungekufa." Kisha akashusha sauti, karibu kwa aibu. "Lakini nimekuwa nikiwaza. Yale makoti nilimnunulia mke wangu kwa mapenzi. Niambie ukweli, yalikuwa mazuri?"

Mke akageuka kutazama basi. Mikono yake ilikuwa imekamata vifungo vya shaba kama anashikilia ukingo wa kitu.

Tangu aanze kazi mjini, Kanali hakuwahi kukosa neno. Sasa alianza kwa kukohoa.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "nimevaa makoti mengi. Sijawahi kuvaa kitu kama kile."

Uso wa Mwalimu ukafunguka wote. "Unasikia, mke wangu? Na huyu ni mtu anayejua makoti!"

"Nasikia," akasema mkewe. Akampa Kanali mkono, akaubana kwa nguvu, wakapanda.

Basi lilipokata kona, Mama Chai akamjazia kikombe.

"Kwa hiyo wamekuingiza mjini, wote wawili?"

"Mume ni mtu mwema, hana habari," akasema Kanali kwa sauti yake ya kukwaruza. Akapuliza chai, akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyesimama mbele ya kazi ya fundi mwenzake. "Ila yule mke, Mama Chai! Yule mke hakunidanganya hata neno moja."